Sura ya Sita: Gari Linalozima Likisimama

"Injini nzima. Haina kasoro."

Inspekta Ahmada aliisoma taarifa hiyo mara moja, akaiweka juu ya boneti ya pikapu iliyotajwa ndani yake, kisha akamwita fundi aliyeiandika.

"Uliijaribu wapi?"

"Hapa hapa, bwana. Uani kwa polisi."

"Ilitembea?"

"Itembee ya nini? Niliiwasha, ikanguruma. Nikaiacha hivyo hata nikamaliza sigara yangu. Haikuzima."

"Dereva alisema inazima wakati gani?"

Fundi alikuna shingo. "Ikisimamishwa."

"Na wewe ukaijaribu ikiwa imekwisha simama."

"Bwana, dereva yule anasema la kujiokoa."

"Anasema la kujiokoa au anasema kweli, hilo ni langu mimi kulijua. Lako lilikuwa injini, na hukulifanya." Ahmada alimrudishia karatasi. "Chukua. Hii si taarifa. Hii ni sigara yako uliyoivuta ukailetea mhuri wa Serikali."

Fundi akaenda zake amekunja uso. Koplo Mjaka, mtu wa Wete aliyepewa kazi ya kumsaidia mgeni huyu kutoka Chake Chake, alijifanya anatazama mpira wa gurudumu.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na wakubwa walitaka imalizwe hivyo. Ilikuwa mwaka 1960, msimu wa karafuu. Pikapu kuukuu ya Mzee Kificho wa Shumba ilishusha magunia bandarini Wete, ikawa inapanda kilima kurudi mjini. Katikati ya kilima ikasimama kulipisha gari la ng'ombe. Injini ikazimika. Stata ya gari lile ilikufa zamani, kwa hiyo dereva, Hija Vuai, alishuka akaenda mbele kuzungusha hendeli, kile chuma cha kuwashia injini kwa mkono. Breki ya mkono ikaachia. Gari likarudi nyuma na kumbana ukutani mpakizi wake, Nyange, aliyekuwa ameshuka na gogo la kuzuilia gurudumu. Nyange alikufa kabla ya kufikishwa hospitali.

Kificho alitoa maelezo yake siku ile ile. Gari lake, alisema, halijapata kuzima lenyewe hata mara moja. Hija alilizima kwa mkono wake ili ashuke akanywe kahawa, akamwacha mwenzake nyuma ya mzigo wa chuma. Hakimu akiyakubali maneno hayo, Hija alikuwa anakwenda jela. Na alikuwa apelekwe mbele ya hakimu kesho asubuhi.

Ahmada alimkuta mahabusu, amekaa chini, mgongo ukutani, jicho moja limevimba kwa kipigo cha watu wa bandarini. Hakusimama.

"Hija, nataka unieleze tena."

"Sielezi tena. Nshamweleza koplo, nshamweleza sajini, nshamweleza mzungu wenu. Weye wa nne. Mnanisikiliza au mnangoja niteleze?"

Koplo Mjaka alipiga nondo kwa rungu. "Sema na Inspekta kwa adabu!"

"Adabu yangu iko bandarini, Mjaka. Kaiokote, iko palepale waliponipigia."

"Mwache," alisema Ahmada. "Hija, nina maswali ambayo huenda hujaulizwa. Injini ilizima kabla hujakanyaga breki au baada?"

Hija alimgeuzia lile jicho zima.

"Baada. Gari inasimama, inakohoa mara moja, inakufa."

"Ukiipiga hendeli papo hapo?"

"Haiwaki. Uingoje itulie kwanza. Ikishatulia, inawaka kama si yeye aliyekufa."

"Mlimani tu?"

"Popote. Lakini ukifunga breki kwa nguvu ndiyo haikosi. Na pale ng'ombe kanitokea puani, nikafunga kwa nguvu."

"Kificho alijua?"

Hija alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Gogo lile kachonga nani? Kachonga yeye, kwa shoka lake. Kasema, Nyange, gari ikizima weye ruka utie gogo, na Hija apige hendeli. Ndiyo kazi tuliyokuwa tukiifanya."

"Nani mwingine alimsikia akisema?"

"Nyange."

Koplo Mjaka alitazama chini.

"Shemeji yangu yule," alisema Hija, na sauti yake ikapanda. "Ndugu wa mke wangu, tumbo moja. Mke mwenyewe, Time, hajaja hata kunichungulia. Kaambiwa nimezima gari nikanywe kahawa, nduguye kafa. Jela si kitu, bwana. Jela watu wanatoka. Nitatokaje katika hilo?"

Ahmada aliomba hendeli ya gari.

Walilipeleka barabara ya Limbani, mahali palipo tambarare. Ahmada aliendesha mwenyewe. Kwanza, gari likiwa limesimama na injini inanguruma, alikanyaga breki akaiachia, akakanyaga tena. Injini haikubadilika. Basi ubovu haukuwa kwenye breki. Pili, alikwenda mwendo wa wastani, akaondoa mguu kwenye mafuta na kuliacha gari lijiishie lenyewe taratibu. Likasimama, injini ikabaki hai. Tatu, alikwenda mwendo ule ule, akafunga breki kwa nguvu.

Gari likasimama. Injini ikakohoa mara moja, ikafa.

"La ilaha illallah," alisema Koplo Mjaka, ameshika paji la uso. Alikuwa amekigonga kioo.

Ahmada alijaribu hendeli papo hapo. Haikuwaka. Akangoja, akajaribu tena, ikawaka. Akakaza skrubu ya kuongezea mwendo wa injini inapopumzika, ili isije ikasemwa kwamba ilikufa kwa udhaifu. Akarudia. Ikafa vilevile.

"Koplo, gari linaposimama ghafla, ndani yake kinasogea nini?"

"Mimi, bwana. Tazama kichwa changu."

"Na kingine?"

Mjaka alifikiri. "Mafuta."

"Fungua boneti."

Ahmada alilegeza skrubu za kabureta, akakitoa kile kibakuli kidogo ambamo petroli hungoja kabla ya kuingia kwenye injini. Akakimimina ndani ya gilasi. Juu ilikaa petroli. Chini yake, imejitenga kwa mstari ulionyooka kama wa rula, ilikaa tabaka nyingine. Aliitikisa gilasi. Tabaka zikachanganyika, zikatengana tena.

"Maji," alisema. "Ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini. Tundu la kupitishia mafuta liko juu kidogo ya hapo. Gari likitembea taratibu, maji hayafiki. Likifungiwa breki kwa nguvu, yanarushwa mbele, yanalifunika tundu, na injini haiwezi kuunguza maji. Ukingoja, yanarudi chini."

"Ndiyo ile kungoja aliyosema Hija."

"Ndiyo hiyo hiyo. Na alipokuwa akiisema kwa mara ya kwanza, nani aliiandika?"

Koplo Mjaka ndiye aliyekuwa zamu siku ile.

Kwenye tangi walitoa maji mengine, zaidi ya yale. Ahmada alichukua chupa moja tu ya kupimia, akayaacha yaliyobaki ndani, akafunga kila kitu kama kilivyokuwa.

Walipofika mjini, Mzee Kificho alikuwa mlangoni kwa polisi, kanzu yake imepigwa pasi, amekuja kuuliza gari lake atapewa lini kwa sababu karafuu zinamngoja. Aliiona gilasi mkononi mwa Ahmada, akauliza ni nini, akajibiwa.

Uso ulimbadilika kwa dakika moja tu. Kisha akapaza sauti ili barabara nzima isikie.

"Maji! Si nilijua? Jivraj! Muhindi yule ananitilia maji mafuta! Enyi jamaa, njooni mtazame! Tunauziwa maji!"

"Ulijua lini, Mzee Kificho?" aliuliza Ahmada.

Lakini Kificho alikuwa amekwisha geuka, kanzu ameikamata kwa mkono mmoja, na watu wanamfuata. Ilikuwa miaka ya siasa za ukabila, watu wakiulizana duka gani ni la nani, na hasira ilikuwa haihitaji kupewa anwani mara mbili. Ahmada alipofika dukani kwa Jivraj, kijumba cha bati chenye mapipa ya petroli ubavuni, kundi lilikuwa limekwisha ujaza mlango, na jiwe moja limekwisha rushwa.

Jivraj mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya mapipa yake, mtu mfupi mwenye miwani, anatetemeka, lakini si kwa hofu.

"Mimi natia maji? Mimi? Fungua pipa! Chagua wewe, usichague mimi! Chagua!"

"Nitachagua," alisema Ahmada. "Koplo, wasogeze nyuma watu hawa. Anayerusha jiwe la pili namtia ndani pamoja na jiwe lake."

Alichagua pipa la mwisho, lililobaki robo, kwa sababu maji kama yapo hukaa chini. Akavuta mafuta ya chini kabisa kwa mpira, akayatia katika gilasi. Yalikuwa safi, tabaka moja.

"Mbele yenu," alisema kwa wale watu, na akawaonyesha.

"Labda kachuja sasa hivi!" sauti moja ikasema.

"Nachuja kila siku!" Jivraj alinyakua faneli iliyotandikwa ngozi laini ya njano. "Ngozi hii petroli inapita, maji haipiti. Kila tone la pipa hii inapita hapa. Daktari ananunua kwangu. Basi la Chake linanunua kwangu. Liko wapi limezima?"

Ahmada aliomba kikombe cha maji. Akayamimina mwenyewe juu ya ngozi. Yakakaa pale kama yamo bakulini. Akamimina petroli, ikapita yote, na maji yakabaki. Akainua faneli, kila mtu aone.

Kundi lilianza kupungua kutoka nyuma, kama ilivyo desturi ya makundi. Kificho alikuwa wa kwanza kuondoka.

"Na huyo," alipiga kelele Jivraj, "akitaka petroli tena akanunue kwa mamake!"

"Bwana Jivraj."

"Ndiyo, Bwana Inspekta! Kwa mamake!"

Basi maji yaliingia baada ya petroli kutoka hapo. Ahmada aliiweka chupa yake juu ya kaunta, kando ya gilasi ya Jivraj, akazilinganisha kwenye mwanga. Petroli zilifanana. Maji ya chini ndiyo yaliyomshughulisha. Yalikuwa ya manjano.

"Kutu ya tangi, bwana," alisema Koplo.

"Kutu hutua. Hii imekaa tangu Limbani na haijatua."

Alivuta petroli yote ya juu kwa bomba la wino wa kalamu yake, kidogo kidogo, mpaka yakabaki maji matupu. Akayamwaga kwenye kisahani, akakianika juani kwenye ngazi ya duka, akakaa karibu nacho. Harufu ya petroli ilipoyeyuka, aliinama. Kisha akampa Koplo.

Mjaka alinusa. Akanusa tena, macho yamemtoka.

"Marashi!"

"Marashi ya mawaridi. Na rangi hii?"

Jivraj aliinama na miwani yake. "Zafarani. Mimi nauza hii."

"Watu wananunua zafarani na marashi pamoja kwa kazi gani?"

"Harusi. Maulidi." Jivraj alivua miwani. "Na ile wanaandika kwa sahani, wanaosha, mgonjwa anakunywa."

"Kombe," alisema Koplo Mjaka, pole pole.

Mwalimu Mmanga, aliyesomesha chuo cha Kurani Shumba Viamboni, kwao Kificho, alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayefahamika kwa kuandika makombe ya wagonjwa. Aliwapokea barazani, akaamuru watoto wasome kwa sauti, akasikiliza kisa chote bila kukatiza. Ahmada alipofika kwenye kisahani, Mwalimu alisimama.

"Wapi umeyaona?"

"Ndani ya tangi la petroli, Shehe."

"Rudia."

"Ndani ya tangi la petroli la Mzee Kificho."

Uso wa Mwalimu Mmanga ulivimba. "Maneno ya Mwenyezi Mungu! Nimeyaandika kwa udhu, nikayaosha kwa marashi, kayatia ndani ya petroli! Yule mtu ana akili au kaziazima?"

"Ulimpa kwa ajili ya nani?"

"Kwanza kaja aliponunua lile gari. Kataka kinga, anaogopa mahasidi. Nikamwandikia, nikamwambia, kunywa weye na dereva wako. Haikupita muda, karudi. Kasema, Mwalimu, gari yangu imepatwa. Kila nikiisimamisha inazima. Nikamwambia, Kificho, gari haina roho, mpelekee fundi. Kasema fundi ataiweka siku nyingi, na karafuu zimo majamvini na mvua inanyemelea. Nikaona mtu ana hofu, nikamwandikia jingine. La kunywa! Nimemwambia kwa lugha gani? La kunywa! Na tangu hapo kila Ijumaa anakuja. Kasema ugonjwa unazidi."

"Ulizidi kwa sababu dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ugonjwa," alisema Ahmada. "Kombe la kwanza lilileta maji. Gari likazima. Akatia la pili, likazidi kuzima. Akatia la tatu."

"Mjinga mkubwa," alisema Mwalimu. Kisha hasira ikamgeuka ikawa kitu kingine. "Na Nyange mwanafunzi wangu yule. Kasomea hapa, kwenye jamvi hili."

"Shehe, ujinga si kosa la jinai. Mimi nina jambo moja tu. Kificho aliapa kwa polisi kwamba gari lake halijapata kuzima hata mara moja. Wewe unasema alikwambia kwa mdomo wake kwamba linazima."

"Kila Ijumaa kaniambia."

"Basi mtu hampi dawa asiyeumwa. Utakuja Wete kuyasema hayo?"

Mwalimu Mmanga alikuwa amekwisha shika fimbo yake.

Alasiri ile ile Ahmada aliamuru pikapu ipelekwe kilima cha bandarini, mahali pale pale. Wachukuzi waliacha mizigo yao wakasogea. Hija aliletwa na askari wawili. Kificho aliletwa na hasira yake.

"Nimefanywa mchezo wa kuigiza?" alisema. "Mimi ndiye niliyepata hasara! Gari yangu, mpakizi wangu! Mtu mzima naitwa mbele ya makuli!"

"Hatutabishana, Mzee Kificho. Ulisema mbele ya askari kwamba gari hili halijapata kuzima lenyewe. Unashikilia?"

Kificho alimwona Mwalimu Mmanga amekaa juu ya ukuta, fimbo kati ya magoti. Akaangalia pembeni.

"Nashikilia. Walla..."

"Usiape!" alinguruma Mwalimu.

"Usiape," alikubali Ahmada. "Kamata gogo."

"Gogo gani?"

"Hilo ulilochonga. Mimi nitaendesha kutoka chini, nitasimama hapa, nitafunga breki kama Hija alivyofunga. Kisha nitashuka. Wewe simama pale aliposimama Nyange."

Kificho aliliokota gogo. Alipiga hatua kuelekea ukutani, akasimama mbali na njia ya gurudumu.

"Nyange hakuwa hapo," alisema Hija. Sauti yake ilikuwa chini. "Ingia ndani. Bado. Ukutani, Mzee. Mgongo uguse."

Kificho aliutazama ukuta. Chokaa ilikuwa imekwanguka kwa urefu wa kifua cha mtu.

"Tangi lile limesafishwa?" aliuliza.

"Sijalisafisha."

"Na hendeli..." Kificho aliligeuza gogo mikononi. "Hendeli atapiga nani, ukishuka?"

Ahmada, mguu mmoja tayari ndani ya gari, aligeuka.

"Hendeli ya nini, Mzee Kificho? Si halizimi?"

Hakuna aliyecheka. Mchukuzi mmoja alitema mate chini. Kificho alisimama na gogo kifuani kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake, kisha mikono ikamlegea, likaanguka na kubingirika hadi miguuni kwa Hija.

"Karafuu zilikuwa majamvini," alisema. "Mvua ingeziozesha. Nilikuwa nikiitibu. Wallahi nilikuwa nikiitibu!"

"Na ukajua haijapona," alisema Ahmada, "ukawapandisha watu wawili."

Aliwaambia askari wawili waliomleta Hija wamshike mwingine.

Kituoni, maelezo ya Kificho yaliandikwa upya, na ya Mwalimu Mmanga yakaandikwa, na Ahmada akapiga simu kwa mkubwa wake, akasikiliza kelele za upande wa pili mpaka zikaisha, akasema kwamba shauri la kesho limebadilika mshitakiwa. Kisha akamwita Hija.

"Uko huru."

Hija hakushukuru. "Kesho pale kwa hakimu, huyu aliyeandika kwamba nilizima mwenyewe atasimama?"

Koplo Mjaka alikohoa. "Nitasimama."

"Utasema nilikwambia siku ile ile?"

"Nitasema."

"Useme kwa sauti uliyonipigia nondo."

Mjaka aliitikia kwa kichwa. Ahmada alitoka naye hadi nje, akamwonyesha Landrova ya polisi.

"Itakupeleka Shumba kwa mkeo. Koplo atakuwa nawe, akawaeleze wafiwa."

Hija aliitazama Landrova, akamtazama Koplo na vifungo vyake vinavyong'aa.

"Siipandi."

"Ni amri ya hisani, si ya polisi."

"Nikifika kwa marehemu na askari ubavuni, Time atasema nimeletwa." Alijifunga shuka yake upya, akaikaza. "Nataka anione nakuja mwenyewe."

"Shumba ni mbali, Hija."

"Unaniambia mimi?" alisema dereva, na akashika njia.